Mzio: namna ya kuutambua, na lini kipimo kina maana

Picha kamili ya damu inatoka maabara, esinofili zimepanda, na mtu anarudi nyumbani na jibu la neno moja: aleji. Aleji ya nini? Hakuambiwa. Anaacha maharage, anaacha samaki, anaacha mayai, na mwili bado unawasha. Ni kweli kwamba esinofili, moja ya aina za chembe nyeupe za damu, hupanda kwa mzio. Lakini katika nchi zetu zikipanda, cha kwanza kutafutwa ni minyoo na kichocho. Choo na mkojo vipimwe kabla ya kuanza kufukuza vyakula mezani.

Hakuna kipimo kinachosema "una mzio" kwa jumla. Kila kimoja hujibu swali jembamba: je, mwili huu umetengeneza kingamwili dhidi ya kitu hiki? Swali lenyewe unalileta wewe, kutokana na kilichokupata. Ukienda bila swali utarudi na karatasi ndefu yenye alama nyingi za kujumlisha, na hutajua ufanye nini nayo.

Saa ndiyo shahidi wa kwanza

Mara ya kwanza mtu anapokula kamba, mwili unaweza kukaa kimya huku ukitengeneza kingamwili aina ya IgE. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli fulani zilizoko kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo, seli zilizobeba histamini. Siku nyingine akila tena, kamba ananaswa na zile IgE, na seli zinamwaga histamini papo hapo. Mishipa midogo inavuja, ngozi inavimba na kuwasha, pua inatiririka, njia ya hewa inabana. Ndiyo maana "nimekula miaka yote bila shida" si ushahidi wa kutosha kwamba chakula hicho hakihusiki.

Utaratibu huo una haraka yake. Mzio wa chakula wa aina hii huonekana ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hauvuki saa 2. Hurudi kila unapokila chakula kile, hata kidogo. Mabaka yaliyojitokeza asubuhi baada ya karamu ya jana mchana yana sababu nyingine, mara nyingi.

Aina ya pili ni ya polepole, haitumii IgE, na mara nyingi huonekana kwenye ngozi: ngozi iliyogusana na kitu inawaka, inatoa malengelenge na kubanduka siku 1 hadi 3 baadaye. Kipimo chake ni tofauti kabisa, na kuchanganya aina hizi mbili ndiko kunakopoteza fedha nyingi za wagonjwa.

Vinavyovaa sura ya mzio

Maziwa yanayojaza tumbo gesi na kuharisha, bila ngozi wala pumzi kuguswa, huwa ni upungufu wa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Hali hii ni ya kawaida sana kwa watu wazima wa Afrika Mashariki. Utaitambua kwa kiasi: robo kikombe kwenye chai haileti shida, glasi nzima inaleta, na mtindi huvumilika. Mzio wa maziwa haujali kiasi namna hiyo. Kijiko kimoja chatosha.

Samaki ana mtego wake, na pwani kila mtu aujue. Jodari, kibua, nguru na fulusi wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, ileile inayomwagwa na mwili wakati wa mzio. Mlaji anawaka uso, anawashwa, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Jiulize: waliokula sahani ileile wameugua wangapi? Wakiwa wawili watatu, mlaumu samaki yule na barafu aliyoikosa. Ukiugua peke yako, na kila unapokula samaki wa aina hiyo, hapo mzio unaingia kwenye hesabu.

Mafua ya kirusi hupita kwa siku 7 hadi 10, mara nyingi na homa au mwili kuuma. Mafua ya mzio hayana homa. Ni chafya kumi mfululizo asubuhi, makamasi mepesi kama maji, pua na macho kuwasha, kaakaa kuwasha hadi mtu analikuna kwa ulimi, wiki baada ya wiki. Mtoto anayesugua pua kwenda juu kwa kiganja hadi anapata mstari juu ya pua anakupa jibu kabla hujamuuliza.

Halafu kuna mabaka yanayovimba, kuwasha, kuhama na kurudi karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 6. Watu hutumia fedha nyingi kutafuta chakula kinacholeta hali hii, na karibu kamwe hakipatikani, kwa sababu kwa kawaida si mzio wa kitu cha nje. Hutibiwa kwa dawa kama setirizini au loratadini zinazomezwa kila siku, si pale tu inapowasha. Daktari anaweza kuongeza dozi.

Hali isiyosubiri kipimo

Mabaka au kuvimba midomo pamoja na kuhema kwa shida, sauti kukwaruza, koo kubana, kutapika mfululizo, kizunguzungu au kuzimia: huo ni mshtuko wa mzio, nao huua kwa dakika. Kuna wakati ngozi haioneshi kitu, kinaanza kifua au presha.

Dawa yake ni adrenalini, sindano kwenye msuli wa paja upande wa nje, katikati. Kwa ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1, mtu mzima na mtoto aliyepita miaka 12 hupata mililita 0.5, wa miaka 6 hadi 12 mililita 0.3, na chini ya hapo, kuanzia miezi 6, mililita 0.15. Hurudiwa baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Zahanati nyingi zina ampuli hizo. Tatizo ni kwamba baadhi ya wahudumu huanza na Piriton na haidrokotisoni, dawa ambazo haziinui presha wala hazifungui koo kwa wakati. Uliza kwa sauti: "Adrenalini ipo?"

Njiani, mgonjwa alale chali na miguu iinuliwe. Anayehema kwa taabu akae. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimamishwe ghafla, na asipakiwe bodaboda akiwa wima katikati ya watu wawili ikiwa kuna gari au bajaji anayoweza kulala, maana presha iliyoshuka ikikutana na kusimama wima, moyo unaweza kusimama. Hata akipona, abaki akiangaliwa kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya dawa kuisha.

Kipimo kije baadaye, wiki 4 hadi 6 tangu siku hiyo. Ukipima mapema mno, kinaweza kutoka hasi kwa uongo.

Nani apime

Aliyepata mshtuko, kwa chakula, nyuki au dawa, huyu apimwe bila mjadala. Vivyo hivyo aliyepata mabaka au kutapika zaidi ya mara moja ndani ya saa 2 baada ya chakula kilekile. Mtoto mwenye pumu isiyotulia ingawa anatumia inhela ya kila siku vizuri. Mtu mwenye mafua ya mzio yasiyosikia dawa ya kupuliza puani. Mtoto mchanga mwenye pumu ya ngozi kali, isiyotulia kwa mafuta na krimu, hasa kama chakula fulani humletea dalili za haraka. Na yeyote anayekaribia kumwondolea mtoto chakula muhimu, maziwa au mayai, kwa kudhani tu.

Asiyehitaji ni yule anayepiga chafya wakati wa vumbi na kutulia kwa kidonge. Aliyeumwa na nyuki mkono ukavimba hadi kiwiko, bila dalili nyingine, pia hahitaji: ni vibaya kuonekana, lakini ni uvimbe wa pale pale. Wala asiye na dalili yoyote ila ndugu yake ana mzio.

Wiki 2 za daftari

Kabla ya miadi, chukua daftari na uandike kila tukio: saa ya kula au kugusa, saa ya dalili kuanza, dalili zenyewe, zilidumu kwa muda gani, dawa uliyomeza, na nani mwingine alikula. Piga picha ya ngozi ikiwa bado imevimba, kwani ukifika kliniki itakuwa imelala. Andika vilivyojificha pia: karanga ndani ya mchicha au kisamvu, ufuta juu ya mkate, mafuta yaliyokaangia samaki kisha yakakaangia viazi. Ongeza mazoezi, pombe, na dawa za maumivu kama asprini na ibuprofeni, kwa kuwa huweza kuchochea mzio uliokuwa umelala.

Uji wa lishe unastahili mstari wake. Unga mmoja hubeba karanga, soya, ngano, ufuta na dagaa kwa pamoja. Mtoto akivimba midomo, kuna washukiwa watano kwenye kikombe kimoja. Nakili mfuko ulivyoandikwa, au mwulize msagaji alichanganya nini.

Kipimo cha ngozi

Hiki ndicho cha kuanza nacho kwa mzio wa haraka. Tone la dawa yenye kitu kinachoshukiwa linawekwa mkononi upande wa ndani, au mgongoni kwa mtoto mdogo; matone yanaachana kama sentimita 2. Kisindano kinapita juu ya kila tone, kinakwaruza tabaka la juu tu, na damu haitakiwi kutoka. Matone mawili ni ya ukaguzi: la histamini, ambalo lazima livimbe, na la maji ya chumvi, ambalo lisivimbe. Baada ya dakika 15 hadi 20 kila uvimbe unapimwa kwa rula. Unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ni chanya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo mpimaji mzuri hupapasa kwa kidole na kuchora ukingo wa uvimbe kwa kalamu. Akitupa jicho tu na kuandika "hasi", mwombe apapase.

Kosa kubwa hufanyika nyumbani, siku kadhaa kabla. Dawa za mzio huziba histamini, kisha kila kitu hutoka hasi. Acha setirizini, loratadini na Piriton kwa siku 7. Wengi hukumbuka hizo na kusahau sharubati za mafua na kikohozi, ambazo nyingi zina dawa ileile iliyomo kwenye Piriton, na pia Phenergan. Amitriptilini nayo huziba, lakini usiiache bila aliyekuandikia. Inhela za pumu endelea nazo. Krimu za steroidi zisipakwe mahali patakapopimwa. Unayetumia atenololi au propranololi sema mapema, maana zinaweza kuifanya adrenalini ishindwe kazi ikihitajika. Pumu ikiwa imeamka siku hiyo, kipimo kiahirishwe. Mjamzito kwa kawaida husubiri ajifungue.

Ukilipia, uliza kwanza orodha ina nini. Orodha nyingi zilitungwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, zimejaa chavua za miti isiyoota kwetu. Kwa mafua na pumu za huku unataka utitiri wa vumbi, mende, ukungu, paka, mbwa na nyasi. Kwenye joto na unyevu wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, utitiri uitwao Blomia tropicalis ni muhimu kama ule wa kawaida wa vumbi la nyumbani, na orodha isiyokuwa nao inaweza kukuambia huna shida ilhali unayo. Kwa tunda au samaki asiye na dawa ya kupimia, beba kile chenyewe, kibichi: kisindano huchomwa kwenye embe kisha kwenye ngozi.

Kipimo cha damu

Hakihitaji kuacha dawa, wala hakizuiwi na ngozi yenye ukurutu. Hupima IgE ya kitu kimoja kimoja, na maabara nyingi hukata mstari kwenye 0.35 kU/L. Namba kubwa huongeza uwezekano kwamba mzio ni wa kweli. Haitabiri utakuwa mkali kiasi gani.

Usikubali IgE ya jumla pekee iwe jibu, kwa sababu minyoo huipandisha kuliko mizio mingi. Minyoo huharibu hata kipimo cha kitu mahususi. Nchini Ghana watoto wa shule walionekana na IgE ya karanga iliyopanda huku wakila karanga bila shida yoyote. Kingamwili hizo zilihusiana na kichocho, zikishika sukari zinazofanana zilizoko kwenye mdudu na kwenye karanga. Kamba naye ana protini inayofanana na ya utitiri na mende. Mwenye mzio wa vumbi anaweza kutoka chanya kwa kamba anaowala kila Ijumaa kwa raha. Aendelee kuwala. Chakula unachokivumilia ukikiacha kwa sababu ya karatasi, unaweza kupoteza uvumilivu huo.

Hapo ndipo ubaya wa paketi za vitu 50 au 100 kwa bei moja. Hasi huaminika zaidi kuliko chanya. Chanya bila dalili huonyesha tu kwamba mwili umetengeneza kingamwili. Mkanganyiko ukibaki, jibu la mwisho ni kula chakula chenyewe hospitalini, dozi ndogo ikipanda taratibu kila baada ya dakika 15 hadi 30, adrenalini ikiwa mezani. Hili halifanywi nyumbani.

Kipimo cha kubandika, na habari ya piko

Kwa ngozi iliyoungua baada ya kugusana na kitu, kipimo cha damu na cha kuchoma havioni chochote. Vikombe vidogo vyenye kemikali hubandikwa mgongoni, hutolewa baada ya saa 48, na mgongo husomwa siku hiyo kisha tena siku ya 4. Mgongo usilowe wala kutoa jasho, jambo gumu Dar ya Februari. Panga miadi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Vidonge vya prednisoloni hukiharibu, ilhali dawa za mzio hazikigusi.

Mshukiwa mkubwa wa pwani ni piko, rangi nyeusi ya kujichora ngozini. Hina ya majani hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu na hutaka saa nyingi. Inayotoa weusi tititi kwa muda mfupi huwa imechanganywa na rangi ya nywele yenye PPD, kemikali inayoleta weusi huo, tena kwa wingi usioruhusiwa hata kichwani. Bibi harusi anaweza kutoka malengelenge yenye umbo la ua lilelile alilochorwa. Aliyewahi kuungua hivyo akae mbali na rangi nyeusi za nywele maisha yake yote, kwani mara ya pili uso mzima unaweza kuvimba. Nikeli ya hereni na bizimu za mkanda inafuata, halafu utomvu wa embe na wa ganda la korosho, miti ya ukoo mmoja.

Dawa

Katika nchi zilizopima kwa wingi, zaidi ya 9 kati ya watu 10 walioandikiwa "mzio wa penisilini" hawakuwa nao. Wengi walipata vipele utotoni, wakati wa ugonjwa wa kirusi, au waliharisha tu. Kuondoa alama hiyo kwa kipimo kuna faida kubwa, hasa kwa wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo wa rumatizimu wanaohitaji sindano za penisilini.

Septrin, SP ya malaria na nevirapini ya VVU ni habari nyingine. Zikileta vidonda mdomoni, macho mekundu na ngozi inayobanduka kama iliyomwagikiwa maji ya moto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hakuna kuchoma ngozi kupima wala kuijaribu tena dawa hiyo, hata nusu kidonge. Andika jina lake kwenye daftari la kliniki kwa wino, pamoja na mwaka na kilichotokea.

Vipimo vya kukataa

Mashine ya kushika fimbo ya chuma inayochapa magonjwa ya mwili mzima. Kipimo cha nywele. Kupima nguvu ya mkono huku umeshika chakula. Na IgG ya vyakula, kingamwili ya aina nyingine, si IgE, ambayo hutoka maabara halisi ikiwa na namba halisi, kwa hiyo hudanganya hata wasomi: IgG huonyesha tu kwamba umewahi kula kitu hicho.

Jibu likishatoka

Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe usimhamishie ya mbuzi. Protini zinafanana kiasi kwamba wengi huugua vilevile. Asiachwe bila mbadala wenye protini na kalisi, na apimwe tena kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwani wengi huuacha mzio wa maziwa na mayai wanapokua. Wa karanga huachwa na kama mtoto 1 kati ya 5.

Kwa utitiri, kuanika godoro juani kunasaidia, lakini mavi yake yanayoleta mzio hubaki ndani, kwa hiyo lipigwe vumbi nje, na mwenye mzio asiwe mpigaji. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Bila mashine, jaza theluthi mbili za ndoo ya chuma kwa maji yanayochemka na theluthi moja ya baridi, tumbukiza, funika dakika 20. Watoto wakae mbali na ndoo hiyo.